Jinsi ya kuiona kampeni ambayo simu yako inakuficha

Wewe na jirani yako wa ploti moja mtapiga kura kituo kimoja Agosti 2027, lakini kampeni mtakazoona kwenye simu ni mbili tofauti kabisa, yeye anatishwa na wewe unabembelezwa, alafu mkipatana dukani kila mtu anashangaa mwenzake anatoa wapi hayo maneno. Kubishana sio mbaya, shida ni unambishia juu ya kitu hajawahi kuona kwa hivyo hata kukujibu hawezi.

Na hii ishafanyika. 2017 hapa Kenya ukitafuta mambo ya uchaguzi Google unakutana na matangazo ya tovuti inaitwa The Real Raila, pamoja na vidio ya kutisha watu eti nchi itaharibika hivi na hivi Raila Odinga akishinda. Mwisho wa mwaka ndio Privacy International, shirika la kutetea faragha, wakatoa ripoti kwamba kazi ilifanywa na Harris Media, kampuni ya Texas, kwa niaba ya kampeni ya Uhuru Kenyatta. Saa hiyo watu washapiga kura kitambo.

Sasa fanya hivi. Ukiona tangazo la siasa Facebook, bonyeza vile vidoti vitatu uulize kwa nini unaonyeshwa wewe, utaambiwa kama ni umri, mahali unakaa ama vitu unapenda. Alafu ingia maktaba ya matangazo ya Meta, iko wazi hata kama huna akaunti, chagua Kenya na uandike jina la mgombea. Anza na yule unampenda, tafadhali! Wa upande mwingine tayari unamchunguza bila kuambiwa, huyu wako ndio hujui anaahidi nini kwa watu wa kaunti ingine.

YouTube futa historia ya vidio ulizotazama na uizime, ukurasa wa kwanza utabaki mtupu na kila kitu utatafuta mwenyewe. TikTok nayo ina setingi ya kuanza upya For You, ule ukurasa wa vidio unazochaguliwa, lakini ukirudi kukaa kwenye zile vidio za matusi hadi mwisho itakuletea zingine tu, hapo usilaumu mashine.

WhatsApp hakuna setingi itakusaidia juu magrupu ni ya watu wako, mliosoma pamoja, wa kanisa, wa ukoo, na wengi wanaelekea upande mmoja. Dawa ninayoiamini ni kubadilishana simu. Tafuta rafiki mnayepingana, kila mtu askroli Facebook ama TikTok ya mwenzake dakika kumi hivi bila kulaiki kitu na bila kucheka. Kuna watu watakataa, na sio kwa sababu ya siasa, hehe.

Siku ya matokeo achana na skrinshoti. 2022 fomu 34A, zile za matokeo ya urais ya kila kituo, za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwa tovuti ya IEBC, tume ya uchaguzi, runinga zikajumlisha kila moja kivyake, namba zikatofautiana kwa muda na kila kambi ikasambaza ile iliyoipendeza. Fomu yenyewe haijui wewe ni nani. Nenda na huyo jirani mpige picha ile iliyobandikwa mlangoni pa kituo chenu, mfungue ya tovuti muilinganishe mstari kwa mstari, na kama kuna namba haifanani, hiyo ndio mpeleke kwa mawakala wa vyama vyote.