Lipime pipa lako la mvinyo bila kung'oa kizibo

Aliyezoea kuweka mchuzi wa zabibu, yaani juisi ya kutengenezea mvinyo, kwenye tanki la plastiki hushangaa akipata pipa la mwaloni kwa mara ya kwanza. Amelijaza hadi kwenye kizibo, halivuji popote, na mwezi ukiisha limepungua. Hakuna aliyeiba. Maji na kileo hupenya kwenye mbao na kuyeyukia hewani kidogo kidogo. Pipa la kawaida la lita 225 hupoteza kati ya asilimia 2 na 5 kwa mwaka, yaani lita 4.5 hadi 11 hivi. Sisi wa Dodoma tutegemee upande wa juu wa hesabu hiyo, hasa Juni hadi Oktoba, hewa inapokauka na upepo hautulii.

Lita hizo zinauma mfukoni, lakini nafasi inayobaki juu ya mvinyo inauma zaidi. Bakteria wa siki huhitaji hewa ili kugeuza kileo kuwa siki. Wakiipata, pamoja na joto la ghala lisilo na dari, utaanza kuona utando mweupe juu, kisha harufu ya kuwasha puani, na hapo hakuna dawa ya kuurudisha mvinyo ulivyokuwa.

Kwa hofu hiyo wengi huzibua pipa kila wiki, tochi mkono mmoja, kijiti mkono wa pili. Nia ni njema, ila kila unapozibua unaingiza ile hewa unayoikimbia, na kijiti kisichooshwa vizuri huingiza na vijidudu. Pipa lililozibwa barabara hutengeneza mvuto ndani kadiri mvinyo unavyopungua. Ukizibua unasikia hewa ikiingia "fyuu". Sauti hiyo ni habari njema kwamba pipa lilikuwa limeziba sawasawa, na habari mbaya kwamba umeshaliharibia utulivu wake. Ndiyo maana nashauri kupima kutokea nje.

Kabla ya kununua kifaa chochote, lielewe umbo la pipa. Pipa lililolala lina tumbo, na sehemu ya juu kabisa, chini ya kizibo, ni nyembamba. Kwa pipa la lita 225, mvinyo ukishuka sentimeta 1 umepoteza kama robo lita tu. Ukishuka sentimeta 2 ni karibu lita nzima. Ukifika sentimeta 4 ni karibu lita 4. Kina kikizidi mara mbili, ujazo uliopotea huzidi mara nne, na uso wa mvinyo ulio wazi kwa hewa huongezeka mara mbili. Kwa hiyo lengo langu ni kujazia kabla ya sentimeta 2 kupita, na kifaa chochote utakachoambiwa ununue lazima kiwe na uwezo wa kuona ndani ya nafasi hiyo ndogo.

Hapo ndipo vifaa vingi hushindwa. Sensa za mawimbi ya sauti, zile zinazopiga mlio usiosikika na kuhesabu muda wa mwangwi kurudi, ni za bei nafuu na mafundi wetu wanazifahamu. Lakini aina zisizopenya maji haziwezi kuona kitu kilicho karibu kuliko sentimeta 20 hivi. Pipa lako likiwa na nafasi ya sentimeta 20 juu, huhitaji sensa tena, unahitaji kutafuta mnunuzi wa siki. Leza ndogo za kupimia umbali huona karibu zaidi, ila uso wa mvinyo huzichanganya: mwanga mwingine hupenya ndani, mwingine huakisiwa pembeni kama kwenye kioo, na namba inarukaruka. Rada za viwandani zinaweza kazi hii, lakini bei yake ni ya viwanda vikubwa. Halafu kuna sensa za kubandika nje ya chombo, zinazotambua kimiminika kupitia ukuta wake. Kwenye tanki la plastiki zinafanya kazi vizuri. Kwenye pipa, ubao ni mnene na umelowa mvinyo, kwa hiyo sensa hukwambia pipa limejaa hata likiwa nusu.

Kwa pipa la mwaloni, mimi naamini mizani. Pipa tupu lina kilo 45 hadi 50, na likijaa hukaribia kilo 270. Lita moja ya mvinyo ina uzito wa karibu kilo 1, kwa hiyo kilo ikipungua kwenye mizani, lita imeondoka. Huzibui, hugusi mvinyo, hutoboi kitu. Weka vihisi uzito vinne chini ya kilalio cha pipa, kimoja kila kona, juu ya sakafu ngumu iliyo sawa. Angalia jambo moja dukani: seti za bei rahisi huuzwa na vihisi vinne vya kilo 50 kila kimoja. Jumla yake ni kilo 200, na pipa lako litavivunja. Chukua vya kilo 100 kwenda juu kila kimoja. Vya 200 ni salama zaidi, maana uzito haugawanyiki sawa kwenye kona zote. Mwambie fundi unataka kusoma hatua za gramu 100, inatosha.

Faida nyingine ya mizani ni kwamba haidanganywi na joto. Mvinyo hutanuka: pipa la lita 225 likipata joto la nyuzi 10 zaidi, ujazo wake huongezeka kwa nusu lita au zaidi kidogo. Anayepima kina saa nane mchana anaweza kudhani kuna mtu amejazia usiku. Uzito haubadiliki.

Lakini mizani nayo ina mahali inapopotosha, na ni pipa jipya. Mbao mpya hunywa lita kadhaa za mvinyo katika wiki za mwanzo. Mvinyo huo bado umo ndani ya ubao, kwa hiyo uzito unabaki karibu uleule huku kina kikishuka. Katika mwezi wa kwanza usiitegemee mizani peke yake. Zibua, tazama, jazia, ziba. Vihisi pia huhama kidogo vikibeba mzigo kwa miezi, hivyo kila unapohamisha mvinyo ili kuyaacha mashapo, pima pipa likiwa tupu na uanze hesabu upya.

Unapoloweka pipa kwa maji ili mbao zivimbe, usipoteze nafasi hiyo. Likishakaza, lijaze hadi juu, kisha toa maji lita moja moja kwa kipimo cha uhakika, ukiandika uzito na kina kila mara. Utapata jedwali la pipa lako mwenyewe, bora kuliko namba zangu hapo juu, kwa sababu mapipa hayafanani.

Huhitaji mizani kwa kila pipa. Mwenye mapipa kumi anaweza kuweka moja tu, chini ya pipa lililo mahali pabaya kuliko pote: karibu na mlango, au upande wa ukuta unaopigwa na jua la jioni. Hilo ndilo litakalokauka kwanza. Likipoteza kilo 1, jazia yote.

Wenye matanki, sensa ya sauti iliyofungwa kwenye kifuniko inawafaa, ila si wakati wa uchachuaji. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde kwenye hewa ya nyuzi 20, lakini kwenye kabonidayoksaidi ni kama mita 267. Tanki lililojaa gesi hiyo juu, nafasi ya sentimeta 50 itasomeka kama 64. Gesi hiyohiyo huua mtu anayeinamisha kichwa ndani ya tanki kuchungulia, kwa hiyo hata namba isiyo sahihi ni bora kuliko kuchungulia.

Mvinyo wa kujazia utengwe mapema, wa aina ileile, kwenye vyombo vidogo vilivyojaa hadi shingoni. Dumu lililobaki nusu litakuwa limeshaharibika siku unayolihitaji, na utaliharibia pipa zima. Uonje kwanza, jazia asubuhi kabla ghala halijapata joto, futa mdomo wa pipa, ziba, kisha andika kwa chaki kwenye kifuniko cha pipa tarehe na uzito mpya.