Nambari za kurasa ndizo za mwisho kuandikwa

Kwa wenye biashara ndogo hapa Kisumu wanaoandaa zabuni za kaunti, hata zile zilizotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu: mkishapanga hati zote, na kabla ya kutoa nakala, andikeni nambari kwenye kila ukurasa kwa mfululizo, 1, 2, 3 hadi mwisho, pamoja na karatasi za rangi za kutenganisha sehemu, vyeti, na taarifa za benki ambazo tayari zina nambari zake. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 kinataka mwaliko wa zabuni uwe na sharti hilo, nalo hukaguliwa katika tathmini ya awali, ambako jibu ni ndiyo au hapana, wala hakuna alama za kugawa. Anayelikosa huondolewa kabla bei yake haijalinganishwa na za wenzake, hata iwe nafuu namna gani. Mkitoa nakala baada ya kuandika nambari, hati halisi na nakala yake zitafanana. Cheti kikichelewa kufika, rudieni nambari kuanzia pale kilipoingia. Kuubandika ukurasa mpya nambari 47A, kati ya 47 na 48, ni kujitafutia ubishi usio na lazima. Mbinu hii haimwokoi mwenye cheti cha kodi cha KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, kilichokwisha muda, na zabuni ikiwa ya mtandaoni, mbinu hii haina maana msipoandika nambari kabla ya kuskani.