Kipilefti kigeuke kibaraza: hatua ninazofuata

Kazi ya kipilefti naianza na swali moja: nani atafika pale katikati, na atapitia wapi? Nyasi na sanamu unaweza kuziweka, kama samaki wetu wa Mwanza, lakini daladala, bajaji na boda zisipokatika, hapo pana picha tu, si mahali pa kukaa.

Hatua ya 1: Kaa uangalie. Nenda asubuhi, rudi saa kumi na moja jioni. Chora kwenye daftari njia ambazo watu wanavukia kweli, hata za kuruka ukingo. Andika boda wanajibanza kivuli gani, mama lishe kaweka wapi jiko. Mara nyingi watu wamejaa upande mmoja, wa stendi au wa soko. Huo ukumbuke.

Hatua ya 2: Ijue barabara ni ya nani. Hapa Tanzania barabara kuu ziko chini ya wakala wa TANROADS, za mitaa chini ya wakala wa TARURA, halafu kuna halmashauri ya jiji. Andaa barua zaidi ya moja.

Hatua ya 3: Unganisha kisiwa, yaani ile sehemu ya katikati, na nchi kavu, yaani ukingo wa barabara. Hapa ndipo kazi ilipo. Wengi hujenga vivuko vinne kwenda katikati; mimi nafunga kipande cha mzunguko upande ule wenye watu, kisiwa kinakuwa rasi, kama rasi ya Capri Point hapa Mwanza ilivyoshikana na mji. Mtu anatembea hadi kwenye sanamu bila kuvuka gari hata moja. Magari yanabaki na pande nyingine, sasa yanapishana kwenda na kurudi, kwa hiyo makutano yatahitaji taa. Paris walifanya hivyo kwenye uwanja wa Bastille: nguzo ya kumbukumbu iliyokuwa imezingirwa na magari ikaunganishwa na upande wa kusini.

Usimwage zege kwanza. Omba kibali, shirikisha trafiki, panga mapipa yenye mchanga, chora kwa rangi, uache wiki kadhaa. Jaribio langu la kwanza nilipima upana wa njia kwa daladala nikasahau malori. Kufika asubuhi, mapipa matatu yamelala chali. Afadhali mapipa kuliko ukuta.

Hatua ya 4: Bana midomo ya barabara. Mdomo mpana unamwambia dereva aongeze mafuta. Zebra iinue kidogo, irudishe nyuma kama urefu wa gari moja, ili anayetoka kwenye mzunguko asimame bila kuziba wenzake.

Hatua ya 5: Maji, kivuli, viti. Mtaro uje kabla ya vitofali. Kwenye mji wa milima ya mawe, mvua ikinyesha maji hayasubiri. Viti vya mawe ni vizuri, ila viwe kivulini, maana jua la saa nane linayageuza kikaango. Na karibu na mwalo, pale wanaposhushia samaki, usiweke kiti chini ya mti mkubwa: ndege korongo watalala juu yake, na asubuhi utajua walikula nini.

Mama lishe mpe sehemu yenye bomba na taa, pembeni mwa njia. Ukimsahau atachagua mwenyewe, na atachagua pale pale kwenye zebra.