Kutoka Dodoma hadi stesheni ndogo ya Ujerumani: namna ya kuitumia bila mwenyeji

Abiria wa Dodoma aliyezoea SGR anajua utaratibu: kitambulisho, mashine ya kukagua mizigo, geti, kisha behewa na namba ya kiti. Stesheni ya mji mdogo Ujerumani haina hata kimoja kati ya hivyo. Unatoka barabarani, unapanda ngazi chache, tayari uko kwenye jukwaa. Hakuna wa kukuzuia wala wa kukuelekeza. Maelezo yote yamebandikwa ukutani, na usipoyasoma hasara ni yako.

Usishangae kukuta jengo zuri la matofali limefungwa, au limegeuzwa kuwa mgahawa. Zamani chini palikuwa na dirisha la tiketi na vyumba vya kusubiria, ghorofani akiishi stesheni masta na familia yake, na pembeni likiwepo ghala la mizigo lenye kibaraza cha kupakilia. Mwaka 1994 shirika la reli la iliyokuwa Ujerumani Magharibi (Bundesbahn) na la iliyokuwa Ujerumani Mashariki (Reichsbahn) yaliunganishwa kuwa Deutsche Bahn, na majengo mengi ya namna hiyo yakauzwa. Ishara na pointi (za kubadilishia njia) nazo nyingi sasa zinaendeshwa kutoka kituo cha mbali, hivyo hapahitajiki mtu.

Anza na jina. Hbf ni kifupi cha Hauptbahnhof, stesheni kuu ya mji. Majina ya miji hujirudia, ndiyo maana huongezewa mabano: Frankfurt (Main) iko magharibi, Frankfurt (Oder) iko mpakani na Poland. Ukikosea mabano, umekosea mamia ya kilomita.

Kisha tafuta karatasi ya njano yenye neno Abfahrt. Hiyo ndiyo ya treni zinazoondoka. Ukikuta nyeupe, yenye neno Ankunft, hiyo ni ya zinazofika; usipange safari yako kwa karatasi hiyo. Saa zake ni za kuanzia usiku wa manane: 14:05 ni saa nane na dakika tano mchana, na 20:05 ni saa mbili na dakika tano usiku. Mtu anayesoma haraka kwa saa zetu atajikuta amesimama jukwaani peke yake, kwa hiyo andika muda kama ulivyo kwenye karatasi na uweke simu kwenye mfumo wa saa 24. Safu ya Gleis ni namba ya njia. Soma pia maandishi madogo: Mo ni Jumatatu, Sa ni Jumamosi, So ni Jumapili. Neno werktags, au alama ya nyundo mbili zilizopishana, maana yake Jumatatu hadi Jumamosi isipokuwa sikukuu. Jumapili treni hiyo haipo.

Tiketi hununuliwa kwenye mashine au kwenye simu. Kwenye mashine gusa bendera ubadilishe lugha, Kiswahili hakimo. Kadi ni salama zaidi kuliko noti kubwa, kwani mashine inaweza kuikataa noti hiyo. Anayekaa mwezi mzima achukue Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya nchi nzima. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49, na tangu Januari 2026 ni euro 63 kwa mwezi. Inakubalika kwenye treni za mikoani (RB, RE) na za mijini (S-Bahn) nchi nzima, lakini si kwenye za masafa marefu, ICE wala IC. Ni mkataba unaojirudia kila mwezi: usipousitisha kufikia tarehe 10, mwezi unaofuata utakatwa tena. Tembea na kitambulisho, maana tiketi ina jina lako.

Tiketi nyingine za karatasi huandikwa "Bitte entwerten", yaani tafadhali gonga. Hizo lazima uzigonge kwenye kisanduku cha jukwaani kabla ya kupanda. Isiyogongwa inahesabika kama hujalipa, na faini ni angalau euro 60. Mashine ya tiketi au ya kugonga ikiwa mbovu, ipige picha pamoja na namba yake na saa, kisha mtafute mkaguzi mwenyewe ukishapanda. Kusubiri akufikie ndipo ueleze kunadhoofisha hoja yako sana.

Jukwaani kuna vibao vya herufi A, B, C. Treni fupi mara nyingi husimama katikati, basi usijitenge mwishoni. Mlango haufunguki wenyewe: bonyeza kitufe. Kwenye baadhi ya vituo vidogo sana kuna utaratibu wa kusimama kwa kuombwa, nawe ubonyeze kitufe cha kushuka mapema, la sivyo unapitilizwa. Baadhi ya treni hugawanyika njiani, sehemu ya mbele ikaenda mji mmoja na ya nyuma mwingine, kwa hiyo soma kibao cha behewa lako, si cha jukwaa tu.

Huduma ni chache. Choo mara nyingi kimefungwa au hakipo, wapagazi hawapo, na Jumapili maduka ya mji hufungwa. Usitegemee akina mama wa kukuletea chakula dirishani kama kwenye stesheni ya Saranda. Beba maji na chakula chako.

Ukisikia au kuona "fällt aus", treni imefutwa. "Gleiswechsel" ni kubadilishwa kwa njia, na hapo kimbia, kwani mara nyingi lazima upite chini ya reli kwenda upande wa pili. Treni ikichelewa dakika 60 au zaidi kufika unakokwenda, unadai asilimia 25 ya nauli ya safari hiyo. Kuanzia dakika 120, asilimia 50. Mwenye Deutschlandticket hulipwa euro 1.50 tu kwa kila ucheleweshaji wa saa moja, na malipo hayatolewi mpaka yafike angalau euro 4, hivyo kusanya kadhaa kabla ya kudai. Reli ikiwa kwenye matengenezo huletwa basi mbadala, Schienenersatzverkehr, kwa kifupi SEV. Basi halisimami jukwaani bali nje, wakati mwingine mtaa wa pili, na linatembea polepole kuliko treni. Fuata mishale ya SEV, na ukihesabu muda wa kuunganisha safari, ongeza nusu saa nzima.