Unyoya utakuambia nani amekula dagaa

Ukimwaga chakula kihorini, unajua ulichowapa kuku. Nani amekula nini, hujui. Hapa kwangu Ujiji kuna mitetea wawili wanaofukuza wenzao kila nikitia dagaa, na nilikuwa na wasiwasi kwamba wanyonge wanabaki na pumba tu. Ndiyo maana nilianza kupeleka manyoya maabara kupimwa isotopu thabiti, yaani atomu za elementi ile ile zinazotofautiana uzito tu. Hizi hazitoi mionzi, ziko kwenye kila chakula, na mayai unakula kama kawaida.

Kinachopimwa hasa ni kaboni-13, yaani kaboni iliyo nzito kidogo kuliko ile ya kawaida. Mahindi, mtama na uwele huwa nayo nyingi kidogo kuliko muhogo, mpunga, alizeti na soya. Kwa kipimo cha sehemu kwa elfu, juu au chini ya kiwango rejea cha maabara, mahindi husimama karibu na -12, muhogo karibu na -27. Dagaa wa ziwani nao kwa kawaida huwa chini ya mahindi. Basi wakati wa kupima, lisha pumba za mahindi na dagaa peke yake. Ukichanganya mashudu ya alizeti, nayo yatashusha kaboni, na hutajua kilichoishusha ni dagaa au mashudu.

Naitrojeni-15, isotopu nyingine inayopimwa, hupanda kama sehemu 3 hadi 4 kwa elfu kila kiumbe kimoja kinapokula kingine. Lakini shamba lililotiwa samadi nalo huipandisha kwenye mahindi, kwa hiyo usichukue namba za vitabuni. Mara ya kwanza nilipeleka manyoya matupu, majibu yakarudi na sikuweza kuyasoma. Siku hizi nafunga kwenye bahasha gao la pumba zile zile na gao la dagaa wale wale niliowanunua mwalo wa Kibirizi, wakiwa wamekauka kabisa.

Sasa unyoya wenyewe. Unyoya uliokwisha komaa haubadiliki tena, umebeba chakula cha siku ulipokuwa unakua. Kwa hiyo siku ya kuanza, ng'oa unyoya mmoja mrefu wa bawa la kushoto, mfunge kuku pete yenye namba mguuni, uandike daftarini. Mwingine utaota palepale, na huo utakuwa umejengwa zaidi kwa chakula chako kipya. Subiri wiki kadhaa. Kabla ya kuuchukua, mshike kuku kwapani, lifunue bawa, utazame shina la unyoya: likiwa jeusi au la buluu, bado lina damu, na ukilikata kuku atavuja. Likiwa jeupe na gumu kama kucha, chukua.

Usafishe kwa maji na sabuni kidogo, ukaushe kivulini, uweke kwenye bahasha ya karatasi. Nailoni hushika unyevu. Usitumie fomalini. Mafuta yaliyobaki yataondolewa na maabara kwa kloroform na methanoli, usijaribu nyumbani. Waambie waukate vipande: ncha ndiyo ya zamani, shina ndilo la karibuni. Kila kipande kinachopimwa hakihitaji kufika hata miligramu moja.

Ukiyapata majibu, linganisha kuku na kuku wa banda lako, si na wa jirani. Kwangu manyoya ya wanyonge yalisimama upande wa mahindi, ya wale wawili yakavutwa upande wa dagaa. Tangu hapo naweka vihori viwili, kimoja nyuma ya banda ambako wale wawili hawakioni, na pete namba 7 na 11 zinasubiri unyoya mpya.