Faili zinazojituma zenyewe kwenye meinifremu: nani awajibike, na vipi

Faili ya mishahara inayotumwa na meinifremu, yaani kompyuta kubwa ya shirika, ikikosa kufika alfajiri, simu huanza kulia. Mwandishi wa programu atasema kazi yake iliisha salama. Mhandisi wa mfumo atasema FTP, programu ya kuhamisha faili, iko hai. Wa mtandao atasema njia iko wazi, na benki ya upande wa pili itasema haijaona kitu. Wote wanasema kweli, ila hakuna aliyekabidhiwa faili yenyewe, tangu inapofungwa kwenye diski hadi mpokeaji akiri kuwa imefika nzima.

Mkabidhi msimamizi wa uendeshaji, yule anayeshika programu ya ratiba inayoanzisha kazi kwa zamu, iwe Control-M, CA 7 au nyingine. Watu wake wako macho usiku, na wanaona kazi iliyotangulia na inayosubiri. Mwandishi wa programu asipewe jukumu hilo: anayeandika programu ya malipo hapaswi pia kushika ufunguo wa kuyatuma. Wahandisi wa mfumo watunze vyombo vya kuhamisha faili, yaani FTP, SFTP (inayoficha data njiani) na Connect:Direct. Watu wa usalama watoe nywila, funguo na vyeti. Kilichomo ndani ya faili kibaki kwa idara yenye programu, kwa sababu mwendeshaji hawezi kujua kama jumla ni sahihi.

Anza na daftari. Kila faili ipate mstari wake: jina la dataset (faili ilivyo kwenye meinifremu), mtumaji na mpokeaji, maandishi au binari (baiti zisizotafsiriwa), RECFM na LRECL (muundo na urefu wa rekodi), ukubwa wa siku ya kawaida na wa mwisho wa mwezi, cheo na simu ya aliye zamu pande zote mbili, na hatua ya kuchukua ikichelewa. Faili isiyo na jina la mwenyewe isiingie kwenye ratiba.

Muda uandikwe kwa saa 24 pamoja na ukanda wake. Ukimwambia mtu kwa simu “saa tatu”, mmoja ataelewa 03:00 na mwingine 09:00. Kama faili inatoka London saa 02:00 ya huko, Kampala ni 04:00 wakati wa kiangazi chao na 05:00 kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa kuwa wao husogeza saa na sisi hatusogezi. Kengele ya kuchelewa iliyowekwa Julai italia bure kila siku kuanzia Novemba, na watu wataizoea hadi waache kuisikiliza. Kalenda ya sikukuu nayo iwe na mtu mmoja. Tarehe 3 Juni (Siku ya Mashahidi) na 9 Oktoba (Uhuru wa Uganda) zinajulikana mapema, lakini Idd husubiri mwezi uandame, kwa hiyo lazima awepo mwenye ruhusa ya kubadili ratiba jioni ile ile.

Sasa JCL, yaani maagizo yanayoiambia meinifremu ni kazi gani ifanye. Kosa linaloumiza kuliko yote ni kuita FTP bila EXIT, neno linaloiamuru isimame ikikosea. Uhamisho unaweza kushindwa katikati na hatua bado ikaisha na namba ya matokeo 0, maana yake “hakuna kosa”, ratiba ikaendelea kana kwamba mambo ni shwari. Andika hivi:

//TUMA EXEC PGM=FTP,PARM='(EXIT=12'

Hapo kosa hurudisha 12, ratiba husimama na mwendeshaji huitwa. Tuma kwa jina la muda, kisha ubadilishe jina faili ikiisha kufika, ili mpokeaji asiokote nusu yake.

Aina ya uhamisho iamuliwe na mwenye programu, kwa maandishi. FTP isipoambiwa chochote hutafsiri EBCDIC, namna meinifremu inavyoandika herufi, kuwa ASCII, namna ya kompyuta nyingine nyingi. Kwa herufi ni sawa, lakini namba zilizofungwa za COMP-3, ambazo hubana tarakimu mbili katika baiti moja, huharibika. Chukua 12345 chanya: hukaa kama baiti tatu, 12 34 5C kwa heksadesimali, na C ya mwisho ni alama ya chanya. Baiti 5C katika EBCDIC ni nyota (*), na nyota katika ASCII ni 2A, kwa hiyo tarakimu ya mwisho, 5, imegeuka 2 na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Zifungue namba hizo ziwe herufi kabla ya kutuma, au tuma kwa binari kwa mpokeaji anayejua kuzisoma.

Shilingi yetu ina mtego wake. Katika ISO 4217, orodha ya kimataifa ya sarafu, UGX (shilingi ya Uganda) haina tarakimu za senti. Mfumo wa nje unaodhani kila sarafu ina senti mbili utasoma 5000000 kuwa 50,000. Uendeshaji hautaliona hilo. Kwa hiyo mwenye programu aweke rekodi ya mwisho yenye idadi ya rekodi na jumla ya fedha, na mpokeaji azilinganishe kabla ya kulipa.

Kurudia kutuma kunahitaji sheria kali. Kazi ikianguka kwa kosa B37, yaani nafasi ya diski imekwisha, mwendeshaji aongeze nafasi na kurudia mwenyewe. Lakini kama faili ya malipo ilishaondoka na haijulikani kama ilipokelewa, asirudie hadi mwenye programu akubali, la sivyo watu watalipwa mara mbili. Namba ya mfuatano kwenye rekodi ya kwanza humwezesha mpokeaji kukataa iliyokwisha kuingia.

Faili yenye majina na namba za vitambulisho iko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya 2019. Isipite kwenye FTP tupu, ambayo hupeleka hata nywila bila kuificha. Tumia SFTP au FTP yenye TLS, inayoficha data njiani. Ikienda kwa asiyehusika, mwendeshaji amwite afisa wa ulinzi wa data usiku ule ule.

Vyeti vya TLS vina tarehe ya kufa, na aliyekiomba cheti huenda amehamia idara nyingine. Tarehe hiyo iingie kwenye daftari, na ratiba itume onyo siku 60 na siku 30 kabla, kwa anwani ya kitengo, si ya mtu.