Unaanza kununua na kuuza eBay na minada mingine ya mtandaoni? Bei yako ipange kwanza

Wakuu salama? Maswali ya hii minada ya mtandaoni yamekuwa mengi, huyu anataka lenzi ya kamera, yule anataka simu, mwingine ana stempu za babu yake anataka aziuze, nikaona bora niandike yote kwa pamoja kwa ajili ya anayeanza kabisa. Mi niko Uingereza kwa hiyo mifano mingi ni ya eBay, ila aliyeko Dar, Mombasa au Kampala nimemuwekea pia mambo ya kusafirisha mzigo.

Kitu cha kwanza, na nitakirudia: kwenye mnada bei unaipanga kabla hujaingia. Ukishaingia ukaanza kupandiana dau na mtu akili ya kupanga bei haipo tena. Aliyewahi kwenda mnada wa ng'ombe pale Pugu anajua, mtu kaja na bajeti yake mfukoni, akitokea mwenzake wa kumbishia anasahau kabisa kaja na shilingi ngapi. Mtandaoni ni vilevile, tena mbaya zaidi maana huoni sura ya unayeshindana naye na kupandisha ni kugusa skrini tu.

Sasa eBay yenyewe ilianza 1995, jamaa anaitwa Pierre Omidyar aliianzisha ikiitwa AuctionWeb, na moja ya vitu vya mwanzo kabisa kuuzwa ilikuwa kalamu ya leza mbovu, ikaenda kwa dola 14.83, na aliyenunua alikuwa anajua fika kwamba ni mbovu. Hiyo stori naileta kwa sababu mpaka leo vitu vibovu vina soko kubwa kule, mafundi wananunua kwa ajili ya spea. Kwa hiyo ukiona kitu chee sana usikimbilie kudhani umeokota dodo, kwanza tafuta maneno "for parts or not working" au "spares or repair", mara nyingi yapo, yamekaa kimya chini ya bei, na muuzaji hajakudanganya chochote.

Kuna mitandao mingine, Catawiki ya Uholanzi kwa vitu vya kale na sanaa, Copart kwa magari yaliyopata ajali, Yahoo ya Japani ambayo wengi wanaitumia kupitia ajenti. Ushauri wangu anza na eBay, ukishaizoea hizo nyingine utazielewa haraka.

Akaunti ifungue kwa jina lako halisi kama lilivyo kwenye kadi, majina ya utani yanaleta shida siku ukitakiwa kujithibitisha. Kulipa unahitaji kadi ya Visa au Mastercard inayokubali manunuzi ya mtandaoni, na kwa Kenya kuna ile M-Pesa GlobalPay ya Visa inayokuwezesha kulipa hata bila kadi ya benki. Anza kwa kununua vitu vidogo vidogo unavyovihitaji kweli, kava ya simu, waya, kitabu, ili ujue mtiririko mzima unavyokwenda na akaunti yako ipate historia. Mtu mwenye historia ya sifuri akiingia anagombea saa ya dola 800 hata wauzaji wanamwogopa, wengine wanamfungia asiweke dau kabisa.

Bei unaijuaje? Hapa ndo wengi wanakosea. Unatafuta kitu, unaona watu wameandika dola 120, unasema kumbe soko ni 120. Hapana, hiyo ni bei anayoitamani muuzaji, anaweza akakaa nayo mwaka mzima. We nenda kwenye vichujio (filters), weka tiki kwenye "Sold items", vinatokea vile vilivyouzwa kweli karibuni, bei zake zimeandikwa kijani. Angalia kumi au kumi na tano, toa vilivyokuwa vibovu, toa vilivyokuja na boksi na vikolombwezo vyake, zilizobaki ndo zinakuonyesha bei ya soko. Hii hatua dakika kumi tu na ndiyo inayomtofautisha mtu anayenunua kwa faida na yule anayelia baadaye.

Hiyo bei lakini bado siyo gharama yako. Ongeza usafiri mpaka kwa ajenti, yaani yule wa kule anayekupokelea mzigo na kukusafirishia, ongeza kilo za ajenti mpaka nyumbani, ongeza ushuru wa forodha, na VAT ambayo ni asilimia 16 Kenya, 18 Tanzania bara na Uganda, na kumbuka ushuru unapigwa juu ya thamani ya kitu pamoja na usafiri na bima. Halafu kuna hili la kilo linalowashangaza watu: kampuni za usafiri wa ndege zinaangalia pia ukubwa wa boksi. Unazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita unagawanya kwa 5000, wengine 6000, na wanakutoza ile namba iliyo kubwa kati ya hiyo na uzito wa mizani. Boksi la 40 kwa 30 kwa 30 linasoma kilo 7.2 hata kama ndani kuna kofia ya pikipiki ya kilo moja na nusu. Kwa hiyo muulize ajenti kama anaweza kulipunguza boksi kabla ya kulisafirisha. Na kama ajenti wako yuko Marekani uliza ana anwani jimbo gani, za Delaware na Oregon hazina kodi ya mauzo, kwenye kitu cha bei kubwa hiyo tofauti inaonekana.

Umeshapata namba yako ya mwisho, sasa dau. Watu wanadhani ukiandika 41 basi bei inaruka mpaka 41. Haiendi hivyo. Lenzi iko dola 20, we unaandika kikomo chako 41, mtandao unakupandishia kidogo kidogo tu inavyohitajika kumpita mwenzako. Akija mtu kikomo chake 35 bei inasimama 36 na we ndo unaongoza, kwa sababu kuanzia dola 25 mpaka 99.99 inapanda kwa dola moja moja. Hiyo 41 yako hakuna anayeiona. Mkigongana kikomo sawasawa anashinda aliyetangulia kuandika, ndo maana mi siandiki namba za mviringo, wengi wanaandika 40, we ukiandika 41.50 umeshampita.

Lini uweke? Mi naweka sekunde za mwisho, kumi hivi zimebaki, mara moja tu, kikomo changu chote. Sababu ni kwamba ukiweka siku tatu kabla unawapa wengine muda wa kuja kukujaribu, kumi, kumi na mbili, kumi na tano, mpaka wakufikie, halafu na we unapanda mzuka unaongeza. Ukiweka mwishoni hakuna muda wa kubishana, unashinda au unakosa, basi. Hii inafanya kazi eBay kwa sababu saa yao ikifika imefika, ila Catawiki dau likiingia mwishoni wanaongeza muda, huko hiyo mbinu haikusaidii kitu. Na ukikosa, acha. Kitu hichohicho kitarudi wiki ijayo, nadra sana kikawa cha pekee duniani.

Tuje kwenye kusoma tangazo, hapa ndo hela inapookolewa. Chukua lenzi ya Canon ya 50mm, hizi f/1.8 ambazo wapiga picha wengi wa harusi wanaanza nazo. Picha nne, zote za nje, maelezo mstari mmoja: "untested", yaani haijajaribiwa. Mtu ana lenzi, ana simu ya kuipigia picha, anashindwaje kuazima kamera aijaribu? Muombe picha moja tu, lenzi ikiwa imemulikwa na tochi ya simu kutokea nyuma. Kama ina fangasi utaona nyuzi nyembamba nyeupe zimetambaa kwenye kioo kuanzia pembeni, na kama kuna ukungu kioo chote kinafifia. Akikataa kupiga hiyo picha umeshapata jibu. Kwa mtu wa Tanga au Unguja hili ni muhimu zaidi, unyevu wa pwani unawapa fangasi chakula, lenzi iliyokuja na doa dogo baada ya masika imekwisha. Angalia pia kama picha ni za kwake au kazitoa kwenye tovuti ya kampuni, na soma maelezo mpaka mwisho, kuna matapeli wanauza boksi tupu na wameandika kabisa ni boksi tupu, miaka ile PS5 inatoka 2020 kuna waliouziwa hadi picha yake.

Simu: uliza kama imefungwa kwenye mtandao mmoja, kama akaunti ya iCloud au Google imeshatolewa, omba namba ya IMEI, ile ya utambulisho wa simu, uikague. Mtakumbuka Tanzania TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu feki Juni 2016, simu isiyo sawa ni kifaa cha kuchezea watoto tu. Vitu vya umeme kutoka Marekani angalia nyuma, kikiandikwa 120V peke yake ukikichomeka kwetu kinaungua, kiandikwe 100-240V ndo salama.

Lipa ndani ya mtandao wenyewe. Muuzaji akikwambia tuhamie wasap nikupunguzie, au nitumie kwa Western Union, toka hapo. eBay wana ulinzi wa kurudishiwa hela kitu kisipofika au kikija tofauti na kilivyoelezwa, una siku 30 za kudai. Lakini, na hii aliyeko nyumbani aisome mara mbili, mzigo ukifika kwa ajenti kisha ukasafirishwa tena kwenda anwani nyingine, ule ulinzi haukufuati. Kwa hiyo mlipe ajenti hela ya ziada aufungue, arekodi video, akiwashe kama kinawaka, matatizo yote yamalizwe kikiwa bado kwake. Ajenti asiyetaka kufungua mzigo tafuta mwingine.

Kuuza sasa. Kwanza soma kama nchi uliyopo inaruhusiwa kuuza na hela utaipokea kwa njia gani, kabla hujapiga hata picha moja. Makato: Marekani ni kama asilimia 13 na kidogo kwa vitu vingi, na inakatwa kwenye jumla yote pamoja na hela ya posta, wengi wanasahau hapo wanajikuta wamefanya kazi ya bure. Uingereza tangu Oktoba 2024 mtu binafsi hakatwi ada ya kuuza kwa vitu vingi, ila kuanzia Januari 2024 mitandao inapeleka taarifa zako kwa HMRC, watu wa kodi wa Uingereza, ukifikisha mauzo 30 kwa mwaka au kama pauni 1,700. Kupelekwa jina hakumaanishi unadaiwa, kama unauza vitu vyako vya zamani vya nyumbani tulia, ila kama unanunua ili uuze basi weka kumbukumbu, pauni 1,000 za kwanza kwa mwaka zina msamaha wa kodi. Muuzaji mpya pia hela yake inaweza kushikiliwa mpaka siku 21, usiuze kitu ukitegemea kodi ya nyumba ya mwisho wa mwezi.

Mnada au bei moja? Kitu kinachotafutwa na wengi, simu, lenzi, gemu, unaweza kuanzia pauni moja, wenyewe watapandiana mpaka bei ya soko. Kitu cha watu wachache usithubutu, akitokea mteja mmoja tu kitaondoka kwa hiyo pauni moja na huna haki ya kukataa. Mfano zile stempu za zamani za Zanzibar au sarafu za shaba za heller za 1916 zilizotengenezwa Tabora wakati wa Mjerumani: zina wapenzi wake duniani ila hawako wengi kila wiki, weka bei unayoitaka, ruhusu ofa, subiri. Na vitu vya kale mnaouzia Tanzania, sheria ya mambo ya kale ipo tangu 1964, kuvitoa nje kunataka kibali. Pembe za ndovu eBay walishapiga marufuku tangu 2009, hata bangili ya bibi usiiweke.

Kichwa cha tangazo kina herufi 80, zijaze jina, modeli na namba, maneno kama "nzuri sana" hayatafutwi na mtu. Picha piga mchana karibu na dirisha, onyesha kila mkwaruzo, na piga namba ya siriali kwa karibu ili mtu asije akakurudishia kibovu chake akasema ndo ulichomtumia. Mnada wa siku saba uishie Jumapili jioni kwa saa za wanunuzi. Usimwambie binamu aje akupandishie dau, wanafuatilia, akaunti inafungwa na sehemu nyingine ni kosa la jinai.

Mteja akishalipa, hakikisha malipo kwa kuingia kwenye akaunti yako mwenyewe, siyo kwa imeili, imeili feki za "umelipwa" ni nyingi. Tuma kwenye anwani ile iliyo kwenye oda tu, kwa huduma yenye namba ya kufuatilia. Akiomba ubadilishe anwani baada ya kulipa, futa oda anunue upya. Na akishinda halafu asilipe, usigombane naye, msubiri siku nne, futa mauzo kwa sababu ya kutolipa, halafu mpelekee aliyekuwa wa pili ofa kwa dau lake la mwisho, mara nyingi bado anakitaka.